Maji ya Kisima Yanapobadilika: Kusoma Dalili na Kukifikia Chanzo cha Uchafuzi

Maji ya kisima yanapobadilika ladha, rangi au harufu, au watumiaji wake wanapoanza kuugua mfululizo, jambo la kwanza la kujua ni siku mabadiliko yalipoanza na kilichotangulia: mvua kubwa, choo kipya cha jirani, pampu iliyobadilishwa, kiangazi kirefu au mafuriko. Maabara itaeleza ndani ya chupa mna nini, lakini haitaeleza kimeingiaje, na kisima ambacho njia ya uchafu wake haijajulikana kitachafuka tena hata kikitiwa klorini kila mwezi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za maji, maafisa afya na wenye visima majumbani, hasa nchini Tanzania na katika pwani ya Afrika Mashariki, nao unafuata dalili kama zinavyojitokeza kisimani, kuanzia zinazoonekana kwa macho hadi zile ambazo maji yenyewe hayazionyeshi kabisa.

Kumbukumbu za kisima kikiwa kizima

Hakuna anayeweza kusema kisima kimebadilika ikiwa hakuna aliyeandika kilivyokuwa. Daftari la kawaida lenye tarehe, kina cha maji kutoka ukingoni, hali ya mvua katika juma lililopita, na kipimo cha upitishaji umeme wa maji linatosha kwa kuanzia. Kipima upitishaji umeme ni kifaa kidogo cha kushikwa mkononi kinachotumbukizwa katika kikombe cha maji na kutoa jibu kwa maikrosimensi kwa sentimita. Hakitambui vijidudu, wala hakisemi ni chumvi gani iliyomo, ila kinaonyesha mara moja kwamba maji ya leo si yale ya mwezi uliopita. Kisima ambacho kwa mwaka mzima kimekuwa kikisoma kati ya 600 na 650, kisha kikasoma 900, kimeshatoa taarifa, ingawa 900 yenyewe ni namba ambayo kisima kingine kinaweza kuwa nayo daima bila madhara.

Pamoja na daftari, ukaguzi wa usafi wa kisima ufanyike kabla ya kukimbilia chupa za sampuli. Mkaguzi azunguke kisima akiuliza maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana: je, kuna choo au karo ndani ya mita 30, na je, kiko upande wa juu wa mteremko, je, sakafu ya zege inayozunguka kisima imepasuka au imeachana na ukuta, je, maji yanayomwagika yanatuama badala ya kuondoka kwa mtaro, je, mfuniko upo na unafunga, je, ndoo na kamba hulazwa chini, je, mifugo hufika hapo. Majibu mengi ya ndiyo kwa mambo mabaya ni onyo lenye uzito hata kama kipimo cha maabara cha siku hiyo ni kizuri, kwa sababu sampuli hueleza saa moja, na ufa katika zege upo siku zote.

Maji yanachafuka baada ya mvua

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi wakati wa masika na vuli, nayo ina sababu mbili zinazotakiwa kutenganishwa, kwa kuwa tiba zake hazifanani. Ya kwanza ni maji ya juu ya ardhi kuingia moja kwa moja kupitia mdomo wa kisima, ufa wa sakafu, au maungio ya kalavati za zege yaliyofunguka katika mita chache za juu. Ya pili ni maji ya mvua kuzama ardhini na kusukuma uchafu uliokwisha kujikusanya humo, wa vyoo, mbolea au jalala, hadi kwenye tabaka la maji.

Muda ndio unaozitofautisha. Maji yakichafuka ndani ya saa chache baada ya mvua kuanza, na upitishaji umeme ukashuka, maana yake ni kwamba maji ya mvua, ambayo yana chumvi kidogo sana, yameingia kwa njia ya mkato. Yakichafuka baada ya siku kadhaa, hasa bila tope lakini upitishaji umeme ukipanda, uwezekano mkubwa ni kwamba usawa wa maji chini ya ardhi umepanda ukafikia mashimo ya vyoo, au kwamba maji yanayoshuka yamezoa uchafu wa udongoni. Katika hali ya kwanza fundi wa zege anatosha: sakafu irekebishwe, maungio ya juu yazibwe kwa saruji na udongo wa mfinyanzi upande wa nje, ukingo uinuliwe, mtaro upelekwe mbali. Katika hali ya pili zege jipya halitasaidia chochote, na fedha ya ukarabati huo ni heri itumike kuhamisha choo au kutafuta chanzo kingine.

Palipo na shaka, jaribio la chumvi husaidia. Mtu apime upitishaji umeme wa kisima, amwage ndoo kadhaa za maji yaliyoyeyushwa chumvi nyingi ya kupikia kwenye ufa au mahali panapotuama, kisha apime tena kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa tatu au nne huku kisima kikiendelea kutekwa. Namba ikipanda wazi, njia imepatikana. Isipopanda, hilo si uthibitisho kwamba hakuna njia, kwani ardhi kavu hunywa maji mengi kabla ya kuyapitisha.

Maji ni maangavu, watu wanahara

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu maji yanayoleta kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara kwa watoto yanaweza kuwa maangavu na matamu kuliko ya bomba. Palipo na shaka ya kipindupindu, afisa afya ajulishwe siku hiyohiyo na maji yaanze kutibiwa majumbani mara moja. Kusubiri majibu ya kisima ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Uchunguzi wenyewe uanze kwa watu. Orodha ya kaya zenye wagonjwa, tarehe walipoanza kuugua, na mahali wanapoteka maji huonyesha haraka ikiwa wagonjwa wanaungana kwenye kisima kimoja au wametawanyika. Kaya zinazotumia kisima hichohicho lakini huchemsha maji yao zinastahili kuulizwa kwa makini zaidi: hao wakiwa wazima wakati majirani wasiochemsha wanaugua, kisima kinashukiwa, wote wakiugua kwa kiwango sawa, yawezekana tatizo ni chakula, mikono, au chombo cha kuhifadhia.

Kipimo kinachotafutwa maabara ni bakteria aitwaye E. coli, anayeishi katika utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto, na kwa hiyo uwepo wake ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika majini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kwa vitendo, wataalamu hupanga hatari kwa ngazi: kati ya 1 na 10 ni hatari ndogo, kati ya 11 na 100 ni ya kati, na zaidi ya 100 ni kubwa. Ngazi hizi zina manufaa pale kamati yenye visima kadhaa na fedha kidogo inapolazimika kuamua kianze kipi.

Sampuli nyingi huharibika mikononi mwa mchukuaji. Chupa iwe imetakaswa na maabara, isisuuzwe, wala kifuniko chake kisilazwe chini au kuguswa kwa ndani. Kwenye pampu ya mkono, maji yasukumwe kwa dakika kadhaa kwanza ili yale yaliyolala bombani yatoke; mdomo wa bomba ukiwa wa chuma, uunguzwe kwa moto wa pamba iliyolowekwa spiriti, na ukiwa wa plastiki, ufutwe kwa klorini kisha maji yaachwe yatiririke. Kisima cha wazi kichotwe kwa chombo kilichotakaswa chenye uzito, kinachoteremshwa kwa kamba safi bila kugusa kuta, isipokuwa lengo likiwa kujua maji yanakuwaje yakishapita kwenye ndoo ya watumiaji, ambapo sampuli ya pili ichukuliwe kwa ndoo hiyohiyo. Maji yaliyotiwa klorini yanahitaji chupa yenye sodiamu thaiosalfeti ya kuizima klorini, vinginevyo itaendelea kuua bakteria njiani na maabara itatoa jibu zuri la uongo. Chupa zikae kwenye boksi la barafu bila kuganda na zifike maabara ikiwezekana ndani ya saa 6, na kamwe zisizidi saa 24. Kwa kijiji kilicho mbali na maabara ya mkoa sharti hilo ni gumu, na ndiyo sababu vifaa vya kupimia hukohuko vijijini, vyenye sanduku dogo la joto la nyuzi 44, vimekuwa na manufaa. Pasipo navyo, chupa za majaribio zinazogeuka nyeusi kwa bakteria wanaotoa gesi ya salfaidi hutoa angalau jibu la ndiyo au hapana baada ya siku moja au mbili.

Sampuli ya kisimani iende sambamba na sampuli ya maji ya kunywa kutoka majumbani. Kisima kikiwa na sifuri na mtungi wa nyumbani ukiwa na 80, uchafu unaingia kwenye dumu lisilosuguliwa, kata inayowekwa popote, au mikono inayozamishwa mtungini, na kamati itakuwa imeepuka kubomoa kisima kisicho na kosa. Hali hii hutokea mara nyingi kuliko kamati nyingi zinavyodhani.

Kisima kikiwa na E. coli siku zote, mvua na jua, mshukiwa mkuu ni choo. Umbali wa mita 30 unaotajwa katika miongozo mingi ni kanuni ya jumla tu. Kinachoamua ni muda ambao maji hutumia kusafiri kutoka shimo la choo hadi kisimani, kwani bakteria wengi hufa njiani. Safari ya siku 50 na zaidi huhesabiwa kuwa na hatari ndogo sana, na ile isiyofika siku 25 kuwa ya hatari kubwa. Katika mchanga laini, kama ule ulioenea sehemu nyingi za Dar es Salaam, maji husafiri polepole na mchanga huchuja. Katika mwamba wa matumbawe wa Unguja, Mombasa na sehemu nyingine za pwani, maji hupita kwenye nyufa na mapango kama yapitavyo bombani, bila kuchujwa, na choo kilicho mita 60 kinaweza kuwa karibu kuliko kile cha mita 15 mchangani. Zaidi ya umbali, chini ya shimo la choo pawe na angalau mita 1.5 za udongo mkavu juu ya usawa wa maji wa masika, wala si wa kiangazi ambacho ndicho wachimbaji hupendelea kuchimbia. Katika mitaa iliyobanana kama Manyatta mjini Kisumu, ambako visima vifupi na vyoo vya shimo vimekuwa vikigombea kiwanja kimoja, hakuna hesabu ya umbali itakayoridhisha, na busara ni kuyachukulia maji ya visima hivyo kuwa ya kufulia na kusafishia mpaka yatibiwe.

Sifuri ya siku moja isipokelewe kwa shangwe. Bakteria huja kwa mawimbi, na virusi pamoja na vimelea kama Kriptosporidiamu vinaweza kubaki majini wakati E. coli amekwisha kufa. Kriptosporidiamu haiuliwi kirahisi hata na klorini. Kwa hiyo kisima chenye ukaguzi mbaya na kipimo kizuri kihesabiwe kuwa kibaya mpaka vipimo vya misimu yote miwili, wa mvua na wa kiangazi, vioneshe vinginevyo.

Klorini imewekwa, uchafu umerudi

Kukitia kisima dozi kubwa ya klorini ni njia sahihi baada ya mafuriko, ukarabati, au mnyama kutumbukia, yaani pale uchafu ulipoingia mara moja na mlango wake umekwisha kufungwa. Ukirudi baada ya siku chache, kuna sababu nne za kuchunguza.

Dozi yenyewe yaweza kuwa ilikuwa ndogo. Kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina takriban lita 2,400. Ili kupata miligramu 50 za klorini kwa lita zinahitajika gramu 120 za klorini halisi, ambazo ni kama gramu 170 za unga wa haipokloraiti ya kalsiamu wenye nguvu ya asilimia 70. Unga uliokaa wazi dukani kwenye joto la pwani hupoteza nguvu, na gramu 170 zake huenda zikawa na nusu tu ya kazi inayotegemewa. Unga uyeyushwe kwanza kwenye ndoo ya maji mahali penye hewa, unga ukitiwa ndani ya maji na si maji juu ya unga, na mhusika avae glavu na kukinga macho.

Sababu ya pili ni tope. Klorini humalizwa na uchafu wa udongo na majani kabla haijawafikia vijidudu, hivyo kisima kinyonywe na kusafishwa kwanza mpaka maji yaonekane maangavu, ikiwezekana chini ya NTU 5 (kipimo cha ukungu wa maji). Ya tatu ni muda: dozi ilale kisimani angalau saa 12, kisha maji yote yavutwe na kumwagwa mbali na mto au bustani mpaka harufu ya klorini iishe. Ya nne, na ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni kwamba uchafu unaingia kila siku, na klorini imeua wa jana tu.

Ili kujua ipi ndiyo, sampuli isichukuliwe kesho yake, kwa kuwa kesho yake kila kisima ni safi. Ichukuliwe baada ya siku 5 hadi 7, klorini ikiwa imekwisha kabisa, na nyingine baada ya mvua kubwa ya kwanza. Ya kwanza ikiwa nzuri na ya pili mbaya, mdomo wa kisima uangaliwe upya. Zote mbili zikiwa mbaya, tatizo liko ardhini.

Jambo moja la usalama halina budi kusemwa hapa, ingawa halihusu ubora wa maji: asishuke mtu kisimani kusafisha bila hewa kupimwa na bila kamba ya kumvutia inayoshikwa na watu walio juu, na injini ya pampu ya petroli isiteremshwe ndani ya kisima kwa hali yoyote, kwani moshi wake hujaza shimo gesi isiyo na harufu inayoua kwa dakika chache. Mshumaa au taa inayoteremshwa huzimika palipokosa hewa, lakini huendelea kuwaka penye gesi hiyo.

Maji yamekuwa ya chumvi

Pwani, chumvi inapopanda kila mtu huilaumu bahari, na mara nyingi ni kweli. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi kwa sababu ni mepesi, na kwa hesabu ya nadharia, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita 40 chini yake. Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa inatisha: pampu inayoshusha usawa wa kisima kwa nusu mita huipa bahari nafasi ya kupanda kwa mita 20. Dalili za bahari ni chumvi inayopanda kidogo kidogo kadiri kiangazi kinavyorefuka, inayozidi baada ya pampu kufanya kazi kwa saa nyingi, na ambayo katika visima vilivyo karibu na ufuko hupanda wakati wa bamvua na kupungua wakati wa maji mafu. Tiba yake ni kupunguza uvutaji, kuvuta polepole kwa muda mrefu badala ya kwa nguvu kwa muda mfupi, na kutoongeza kina. Kuchimba zaidi ili kuyafuata maji baridi ni kuifuata bahari yenyewe.

Hata hivyo mkojo nao una chumvi, na katika mitaa yenye vyoo vingi upitishaji umeme unaweza kupanda mwaka hadi mwaka bila bahari kuhusika. Vipimo vitatu vikisomwa pamoja hutenganisha mambo haya: kloraidi (sehemu ya chumvi ya kawaida), naitreti na amonia (nitrojeni itokayo kwenye kinyesi, mkojo na mbolea). Kloraidi ikipanda peke yake, bahari au madini ya mwamba yanashukiwa. Ikipanda pamoja na naitreti, ni vyoo au mbolea. Mtego uko kwenye maji yasiyo na oksijeni, kama ya mabondeni yenye tope jeusi, ambako naitreti huliwa na bakteria na kubaki karibu sifuri. Hapo amonia ndiyo inayotoa ushahidi. Taarifa ya maabara inayosema naitreti ni ndogo bila kutaja amonia haijamaliza kazi.

Kutu, weusi na harufu ya mayai viza

Haya huwasumbua watumiaji kuliko yanavyowadhuru. Maji yanayotoka maangavu na kugeuka mekundu ndooni baada ya saa moja yana madini ya chuma kutoka ardhini, ambayo huanza kutia madoa nguo yakizidi miligramu 0.3 kwa lita. Maji yanayotoka mekundu asubuhi na kusafika baada ya kusukumwa kwa dakika kadhaa yanakula mabomba ya chuma ya pampu, jambo la kawaida penye pH (kipimo cha uasidi wa maji) chini ya 6.5, na mabomba ya plastiki au chuma kisichoshika kutu yatalimaliza. Weusi ni manganizi, ambayo haifai kupuuzwa palipo na watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga. Harufu ya mayai viza hutokana na gesi ya salfaidi, hasa kwenye kisima kisichotumika mara kwa mara, na hupungua kisima kikinyonywa au maji yakiachwa yapigwe upepo. Hatari halisi ya dalili hizi ni kwamba watu hukikimbia kisima salama chenye kutu na kwenda kwenye dimbwi lenye maji maangavu.

Harufu ya petroli au dizeli ni suala tofauti. Kisima kifungwe mara moja, maji yasichemshwe wala kutiwa klorini, na ofisi ya bonde la maji pamoja na mamlaka ya mazingira zijulishwe, kwani chanzo kinaweza kuwa tangi la kituo cha mafuta linalovuja chini ya ardhi.

Dalili zinazoonekana mwilini tu

Meno ya watoto yenye madoa ya kahawia katika mikoa kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga na Mara huashiria floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na ya Bonde la Ufa, si kwenye uchafu wa binadamu. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu kiwango kikubwa kuliko hicho vijijini kwa kukosa vyanzo mbadala, na kwa sababu hiyo taarifa ya zamani inayosema maji "yanafaa" isomwe kwa namba yake, si kwa neno lake. Floraidi haina ladha, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimekuwa kikishughulikia uchujaji wake kwa mkaa wa mifupa; mkaa huo huchoka, kwa hiyo maji yaliyochujwa nayo yapimwe mara kwa mara. Penye mvua ya kutosha, maji ya paa yanayotengwa kwa kunywa na kupikia, watoto walio chini ya miaka 8 wakipewa kipaumbele kwa kuwa meno yao bado yanajengeka, ni njia rahisi kuliko kuchuja maji yote ya kaya.

Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga, kwani huizuia damu kubeba oksijeni na mtoto hugeuka rangi ya buluu kwenye midomo na kucha. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa. Nayo pia huzidi kwa kuchemshwa. Taarifa za maabara zisomwe kwa uangalifu, maana baadhi huandika naitreti yenyewe na nyingine huandika nitrojeni iliyomo, ambayo kikomo chake ni takriban miligramu 11: jibu la "20" katika mfumo wa kwanza linakubalika, na katika mfumo wa pili ni karibu miligramu 89.

Aseniki, inayotafutwa hasa kwenye visima vya ukanda wa dhahabu kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria, haionekani wala haionjeki, na madhara yake ya ngozi hujitokeza baada ya miaka. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita, na kisima kipya katika ukanda huo kisifunguliwe kwa umma kabla ya kupimwa kwa ajili yake.

Ratiba ya upimaji na uamuzi wa kufunga

Madini ya ardhini, yaani floraidi, aseniki, chuma na manganizi, hayabadiliki haraka. Yapimwe kisima kinapofunguliwa na kurudiwa baada ya miaka michache au uvutaji unapoongezeka sana. E. coli apimwe angalau mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa masika wakati mvua za kwanza zinapoosha uchafu wa kiangazi kizima, na tena mwishoni mwa kiangazi. Naitreti, amonia na kloraidi zifuate ratiba hiyo mijini na pwani. Upitishaji umeme na kina cha maji havigharimu kitu, kwa hiyo viandikwe kila juma. Kamati isiyoweza kulipia yote hayo ianze na ukaguzi wa usafi na E. coli wa masika, kisha iombe msaada wa maabara ya maji ya mkoa kupitia RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) kwa vijijini au ofisi ya afya ya halmashauri.

Kipimo kibaya hakimaanishi daima kufunga. Kisima chenye E. coli 30 kikifungwa mahali ambapo chanzo kinachobaki ni mto wenye maelfu, wananchi watakuwa wametendewa vibaya kwa jina la afya. Ni afadhali kibaki wazi, watumiaji waelezwe wazi kwamba maji hayo yachemke kwa nguvu au yatiwe vidonge vya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti, na ukarabati uanze. Kufunga kabisa kuhifadhiwe kwa mafuta, kemikali za viwandani na viuatilifu, na kwa kisima kinachohusishwa na kipindupindu mpaka kitibiwe. Kisima chenye floraidi au naitreti nyingi kinaweza kuendelea kutumika kwa kufulia, kujengea na kumwagilia, ilimradi bango lisimikwe kisimani penyewe, kwa maneno machache na mchoro wa kikombe kilichopigwa msalaba, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji alitangaze mkutanoni.

Kisima kilichozamishwa na mafuriko, kama inavyotokea kwa vile vya bondeni mwa Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam masika inapokuwa kubwa, kisifunguliwe kwa kunywa kwa sababu tu maji yamerudi kuwa maangavu: kinyonywe, kisafishwe, kitiwe klorini, kisha kitoe sampuli mbili safi zilizopishana kwa juma moja au zaidi, ya pili ikichukuliwa baada ya mvua nyingine kunyesha.